ADHD ukubwani: mtu aanzie wapi ili apimwe kwa uhakika na apate dawa?

Mulika aliuliza:

Wakuu, salaam. Maelezo mengi ya ADHD (tatizo la kukosa umakini, kutotulia na kukurupuka) yanamhusu mtoto: mwalimu kaona hatulii, mzazi kaitwa, mtoto kapelekwa hospitali. Mtu wa miaka 35 hana mwalimu wa kumwona wala mzazi wa kumpeleka, na akifika kwa daktari wa kawaida mara nyingi huambiwa apumzike, apunguze simu, arudi akizidiwa.

Nimejaza lile dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 18 na majibu yameelemea upande wa "ndiyo". Sasa naomba kujua: ni nani hasa mwenye mamlaka ya kusema huyu ana ADHD? Anatafuta nini, na mtu aende na nini mkononi? Kuna kipimo cha damu au picha ya ubongo? Na ikithibitika, dawa huanzishwa vipi, na kwa nini wengi hukwama famasi? Naomba majibu ya kitaalamu, si ya kutiana moyo tu.

---

Mizani (mwanasaikolojia tiba) alijibu:

Mulika, tuanze na hilo dodoso, maana wengi wanadhani wakishalijaza wamemaliza. Linaitwa ASRS, nalo ni chujio. Uzito uko kwenye maswali 6 ya mwanzo: katika matatu ya kwanza jibu la "wakati mwingine" linahesabika, katika matatu yanayofuata lazima liwe "mara nyingi" au zaidi. Ukifikisha majibu 4 yanayohesabika, maana yake unastahili kuchunguzwa kwa kina, basi. Mtu mwenye sonona, au asiyelala, au aliyezidiwa na wasiwasi anaweza kufikisha hayo manne bila kuwa na ADHD. Lichapishe ulipeleke, lakini usifungue mazungumzo kwa "nina ADHD, naomba dawa". Eleza kwanza kinachoharibika maishani mwako. Baadhi ya dawa hizi hutumiwa vibaya, kwa hiyo daktari anayesikia ombi la dawa kabla ya dalili ana haki ya kuwa na tahadhari.

Kinachothibitisha ni mahojiano marefu. Vigezo vinavyotumika sana ni vya DSM-5, mwongozo wa Kimarekani wa kutambua magonjwa ya akili, ya mwaka 2013. Kuna dalili 9 za kukosa umakini na dalili 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtoto huhitaji 6 katika kundi mojawapo. Kuanzia miaka 17 zinatosha 5. Ziwe zimedumu angalau miezi 6, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, ziwe zinaharibu kazi, masomo au mahusiano kwa namna inayoonekana, na kadhaa kati yake ziwe zilikuwepo kabla ya umri wa miaka 12. Tena kusiwe na ugonjwa mwingine unaozieleza vizuri zaidi.

Hilo sharti la miaka 12 ndilo linalowaangusha watu wazima wengi, kwa sababu wanafika wakiwa na malalamiko ya mwaka huu tu. Tafuta ripoti za shule, na usome maoni ya walimu kuliko alama: "ana uwezo lakini hazingatii", "hamalizi kazi", "huongea wakati wa somo", "hupoteza vifaa". Alama nzuri haziondoi ADHD. Mtoto mwenye akili nyepesi, au aliyekuwa na mtu nyumbani wa kumsimamia kila kitu, anaweza kupita darasa baada ya darasa bila kugundulika, kisha akaporomoka anapoanza kujisimamia mwenyewe. Wasichana wengi hupita hivyohivyo, kwa kuwa mara nyingi wao hukaa kimya wakiota ndoto za mchana na hawamsumbui mtu.

Kisha andika ushahidi wa sasa, kwa matukio na si kwa sifa. "Nasahau sana" haimsaidii anayekupima. Andika hivi: "Umeme ulikatwa, fedha zilikuwemo kwenye akaunti, bili ilikuwa mezani wiki tatu." Hapo anaona mara moja kwamba uwezo wa kulipa ulikuwepo, taarifa ilikuwepo, na kilichokosekana ni kuanza na kumaliza. Fanya hivyo kwa kazi, fedha, nyumba, uendeshaji gari na mahusiano. Kurasa mbili zinatosha. Kila tukio la sasa ukiweza kuliwekea pacha wake wa utotoni, umerahisisha nusu ya mahojiano.

Anayepima anaweza kuwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba aliyefunzwa ADHD ya watu wazima. Tofauti kubwa ni kwamba mwanasaikolojia, katika nchi nyingi, hana ruhusa ya kuandika dawa. Ndiyo maana kabla ya kulipa chochote piga simu uulize: mnapima watu wazima au watoto tu? Anayepima anaandika dawa mwenyewe, na kama haandiki, ripoti yake inakubalika kwa daktari gani? Mnatumia mahojiano yenye mpangilio maalumu kama DIVA-5? (Hayo peke yake huchukua karibu saa moja na nusu. Uchunguzi mzima wa dakika 15 usiutegemee, uwe umekupa "ndiyo" au "hapana".) Nani atasimamia dozi baada ya hapo?

Na usiondoke bila ripoti iliyoandikwa. Iwe na dalili zilizothibitika kwa idadi, ushahidi wa utotoni na ulikotoka, magonjwa mengine yaliyofikiriwa na sababu za kuyaondoa, aina ya ADHD, na namba ya ugonjwa. Kwenye ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, ni 6A05: ikifuatwa na .0 ni ya kukosa umakini zaidi, .1 ya kutotulia na kukurupuka zaidi, .2 ya mchanganyiko. Barua ya mstari mmoja yenye "ana ADHD" na saini haitakusaidia ukihama daktari. Utaanza upya.

---

Daktari wa Zamu alijibu:

Naongezea upande wa mwili. Hakuna kipimo cha damu, EEG (mawimbi ya ubongo) wala MRI (picha ya ubongo) kinachothibitisha ADHD. Usilipie picha ya ubongo kwa ajili hiyo. Vipimo tunavyoagiza vina kazi mbili: kuondoa magonjwa yanayofanana nayo, na kujua kama mwili unaweza kubeba dawa.

Yanayofanana nayo: tezi ya thairoidi ikizidi au ikipungua kazi, upungufu wa damu na madini ya chuma, na usingizi mbovu. Hili la usingizi lisidharauliwe. Mtu anayekoroma, anayekatika pumzi usiku na kuamka na kichwa kizito, anaweza kukosa umakini mchana kutwa, na dawa ya ADHD itamfunika tu huku tatizo likiendelea. Anayepotea ghafla kwa sekunde chache, akiitwa hasikii kabisa, achunguzwe kifafa. Bangi na pombe za kila siku nazo zitajwe wazi. Daktari hawezi kusoma picha iliyofichwa nusu.

Kwa magonjwa ya akili, swali linalosaidia kuliko yote ni "lini?" Sonona ina mwanzo: mtu anakumbuka mwaka fulani alikuwa sawa. Baipola huja kwa vipindi. Kuna wiki za kutolala na nguvu nyingi, kisha zinaisha. ADHD ipo tangu utotoni, haina likizo, ingawa hupanda na kushuka kulingana na mzigo wa maisha. Mtu anaweza kuwa nayo pamoja na sonona au wasiwasi, na hilo hutokea sana. Ikiwa kuna baipola isiyotulia au dalili za kuchanganyikiwa akili, hayo hutibiwa kwanza, maana dawa za kusisimua zinaweza kuyachochea.

Kabla ya dozi ya kwanza tunapima presha, mapigo ya moyo na uzito, tunayaandika. Tunauliza: umewahi kuzimia ukifanya mazoezi? Una maumivu ya kifua, au moyo unaopiga ovyo? Kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla kwa moyo kabla ya miaka 40? Jibu likiwa "ndiyo" popote, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na mtaalamu wa moyo kwanza. Tunauliza pia glakoma (presha ya jicho), ujauzito au mpango wa ujauzito, na dawa zote unazotumia. Aliyetumia dawa za kundi la MAOI (aina ya dawa za sonona) ndani ya siku 14 zilizopita haanzishiwi dawa hizi.

Dawa zenyewe ni makundi mawili. La kwanza ni za kusisimua: methilifenideti (Ritalin, Concerta) na jamii ya amfetamini, ikiwemo lisdeksamfetamini (Vyvanse). Hizi hufanya kazi siku hiyohiyo. Kidonge cha kawaida cha methilifenideti hudumu saa 3 hadi 4, ndiyo maana hunywewa mara mbili au tatu. Mtu mzima huanza na miligramu 5 kila mara, ikiongezwa taratibu kila wiki. Concerta huanza na miligramu 18 asubuhi na hufanya kazi kwa muda unaofikia saa 12. Lisdeksamfetamini huanza na 30 asubuhi, kikomo 70.

Kundi la pili si za kusisimua, na kubwa kwa watu wazima ni atomoksetini (Strattera). Huanza na miligramu 40 kwa siku, kisha 80, mwisho 100. Ubaya wake ni kusubiri: wiki 4 hadi 6 kabla ya kuona mabadiliko ya maana, na kwa wengine zaidi. Watu wengi huiacha wiki ya pili kwa sababu kichefuchefu kimekuja na faida haijaja. Inywewe pamoja na chakula, mtu aambiwe mapema kuhusu hizo wiki. Mkojo kuchelewa kutoka na nguvu za kiume kupungua hutokea, na watu huona haya kusema, semeni. Ngozi au macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi, au mawazo ya kujidhuru yakiingia, simamisha na umwone daktari siku hiyohiyo.

---

Mulika aliandika:

Nashukuru sana, hii ndiyo aina ya majibu niliyokuwa natafuta. Nina mawili ya nyongeza. Kama ripoti za shule zilishapotea na wazazi hawapo tena, sharti la miaka 12 linathibitishwaje? Na kwa nini famasi huweza kukataa cheti halali cha daktari?

---

Mizani alijibu:

Karatasi si lazima. Anayehitajika ni mtu aliyekujua utotoni: kaka, dada, shangazi, binamu mliyelelewa pamoja, hata rafiki mliyekaa dawati moja. Usimuulize "nilikuwa na ADHD?" wala usimtajie majibu. Muulize "nilikuwa mtoto wa namna gani? Nikitumwa ilikuwaje?" na uandike maneno yake kama alivyoyasema. Asipopatikana hata mmoja, mpimaji mzuri atakupeleka kwenye kumbukumbu zenye alama: nani alikuwa anakuamsha, ulipoteza nini mara kwa mara, uliadhibiwa kwa kosa gani, kazi za nyumbani zilifanywa saa ngapi. Sema pia usichokumbuka. Historia iliyonyooka mno, yenye kila dalili mahali pake kama ilivyo kitabuni, hupunguza imani ya anayekusikiliza.

Mwenzi au mfanyakazi mwenzako naye ni shahidi mzuri, ila wa maisha ya sasa.

---

Kaunta ya Dawa (mfamasia) alijibu:

La famasi nilichukue mimi. Methilifenideti na amfetamini zimo kwenye Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Kwa hiyo nchi huzihesabu: kiasi kinachoingia, kinachotoka, nani kakichukua. Mfamasia anayekukatalia, mara nyingi hakukatalii wewe; cheti kina kasoro ambayo haruhusiwi kuirekebisha kwa kalamu yake.

Kikague kabla hujatoka chumba cha daktari. Kiwe na jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, jina la dawa pamoja na aina yake (ya kawaida au inayoachia polepole), nguvu ya kidonge kwa miligramu, namna ya kunywa, jumla ya vidonge kwa tarakimu na kwa maneno, yaani "30, thelathini", kisha saini, muhuri na namba ya usajili wa daktari. Kosa ninaloliona zaidi ni hesabu kutolingana: imeandikwa kidonge kimoja mara mbili kwa siku 30, halafu jumla ni 30. Hapo mgonjwa anarudishwa. Katika nchi nyingi cheti cha namna hii huisha haraka, hakirudiwi, na dawa hutolewa ya mwezi mmoja tu. Basi panga miadi inayofuata wiki moja kabla vidonge havijaisha. Wenye tatizo la kusahau na kuahirisha ndio waliowekewa utaratibu mgumu kuliko wote, na hilo linaniuma. Weka kengele ya simu siku ileile unapochukua dawa, ukiwa bado mbele ya kaunta.

Upatikanaji ni kikwazo kingine. Methilifenideti iliombewa nafasi kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na tena mwaka 2021, haikuingizwa. Pale ambapo orodha ya taifa hufuata ile, hospitali ya umma inaweza isiwe nayo kabisa. Piga simu famasi kubwa, zile zilizo karibu na hospitali za rufaa au za magonjwa ya akili, kabla daktari hajaandika. Mwulize mfamasia ana aina gani na nguvu gani, kisha mpelekee daktari majibu hayo. Cheti cha dawa isiyopatikana ni safari ya bure. Zisipopatikana kabisa za kusisimua, atomoksetini haimo kwenye mkataba ule na huandikwa kwa cheti cha kawaida.

Usikubali kubadilishiwa aina bila daktari kujua. Vidonge viwili vyenye methilifenideti ileile, miligramu zilezile, vinaweza kuachia dawa kwa mwendo tofauti kabisa: kimoja kinatoa nusu yake asubuhi, kingine kama sehemu moja kwa tano tu na iliyobaki inafuata polepole. Mtu anabadilishiwa, anaona "dawa imeisha nguvu" saa nane mchana, anaongeza dozi bila sababu. Vya polepole havisagwi, havitafunwi. Vile vya Concerta hutoka chooni vikiwa na umbo lao. Ni ganda tupu, dawa imeshaingia mwilini, usirudie dozi.

Migongano ya dawa niliyowahi kuiona ikipuuzwa: dawa za mafua zenye sudoefedrini pamoja na za kusisimua, presha inapanda; fluoksetini au paroksetini (dawa za sonona) pamoja na atomoksetini, ini linachelewa kuivunja na kiwango chake mwilini kinapanda sana, kwa hiyo dozi huongezwa polepole zaidi; pombe pamoja na vidonge vya polepole, dawa huweza kutoka kwa mkupuo. Kahawa ipunguzwe wiki za mwanzo, la sivyo hutajua moyo unaenda mbio kwa sababu ya nini.

Kuhusu kununua mtandaoni au kupewa na rafiki: usifanye. Hujui kilichomo, na kukutwa na dawa hizi bila cheti chenye jina lako ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Ukisafiri nje, beba dawa kwenye pakiti yake ya awali, nakala ya cheti na barua ya daktari yenye jina la dawa la kitaalamu, na uulize ubalozi mapema. Kuna nchi zinazotaka kibali kabla hujafika, na Japani haikubali dawa za amfetamini kama Adderall hata ukiwa na cheti.

---

Nesi Kliniki alijibu:

Niongeze kinachotokea baada ya kupata dawa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hujiondoa wenyewe. Dozi ya kwanza si dozi yako. Imewekwa chini kwa makusudi, na kazi ya wiki 4 hadi 8 zinazofuata ni kuipandisha hadi mahali ambapo faida ni kubwa na maudhi yanavumilika. Mtu anayesema "nilijaribu methilifenideti, haikunisaidia" muulize alifika miligramu ngapi na kwa muda gani. Mara nyingi jibu ni dozi ya kuanzia, siku chache.

Chukua daftari, chora safu: tarehe, saa ya kunywa, saa uliyohisi imeanza, saa iliyokatika, presha na mapigo, chakula, saa ya kulala, na kazi moja uliyochagua kuipima. Kazi iwe ileile kila siku, kwa mfano kusoma kurasa kumi au kujibu barua pepe zote za asubuhi. Ukipima kwa "najisikiaje leo" utadanganyika, kwa sababu dawa iliyo sawa mara nyingi haileti hisia yoyote kubwa. Kazi inaanza na kuisha tu. Mtu anayesubiri kuchangamka kupita kiasi ataendelea kuomba nyongeza.

Saa ya kukatika ndiyo inayomwambia daktari mengi. Hasira na uchovu vinavyokuja ghafla jioni, kila siku saa ileile, ni dawa inaisha mwilini, na tiba yake huwa ni kubadili aina au kuongeza kidonge kidogo mchana. Ukiwa na wasiwasi na mikono inatetemeka saa mbili baada ya kunywa, hapo dozi imezidi. Daftari linatenganisha hayo mawili. Kumbukumbu ya kichwani huyachanganya.

Hamu ya kula ikikata, kula kifungua kinywa kizito kabla ya kidonge, na uweke chakula cha jioni baada ya dawa kwisha. Usingizi ukikimbia, angalia kwanza saa ya dozi ya mwisho. Kinywa kikavu, maji. Presha na mapigo hupimwa kabla na baada ya kila badiliko la dozi, kisha kila miezi 6 ukishatulia. Mapigo yakizidi 120 kwa dakika ukiwa umekaa kimya, na yasishuke, dozi ipunguzwe na moyo uchunguzwe. Maumivu ya kifua, kuzimia, au kuanza kusikia sauti zisizokuwepo: acha dawa, nenda hospitali siku hiyo.

Mulika, ukienda miadi ya kwanza peleka hata usomaji wa presha wa siku saba, asubuhi na jioni, umekaa dakika tano kabla ya kupima. Mgonjwa akija bila hayo na presha ikapanda kwa sababu ya woga wa hospitali, daktari hulazimika kumwambia arudi baada ya wiki kadhaa, na nimeona wengi wasiorudi.